Kiti cha Msafiri Msomi

Nasema kweli yangu: kilichonipeleka kwenye makumbusho yale mara ya kwanza si mapenzi ya turathi, ni kiyoyozi. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati wa joto kali, na kiyoyozi cha sebuleni kwetu, hapa Maskati, kilikuwa kimekufa na fundi wake kaenda likizo kwao India. Mama akilala mchana sakafuni kwenye vigae, kanga moja chini na moja juu, na kila nikipita akinambia, "Usinikanyage."

Basi Maalim aliponipigia simu, nilimsikiliza. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtoto wa Unguja mjini kama sisi. Akanambia kuna kazi ya kujitolea kila Alkhamisi huko Matrah, kwenye makumbusho ya mtu binafsi, ya kuandika khabari za turathi zetu kwenye kompyuta ili dunia izisome. Nilimuuliza swali moja tu.

"Ndani kuna ubaridi?"

"Mwanangu," akasema, "chukua shali."

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja, nyuma ya soko, yenye ngazi nyembamba za kuvunja magoti. Mwenyewe aliirithi kwa babu yake. Tukimwita mudiri, yaani mkurugenzi, na yeye akipenda kuitwa hivyo. Alikuwa kasomea kazi ya hoteli Ulaya, na kweli mahala pake palinukia kama hoteli: udi mlangoni, mito ya hariri, na mtu wa kukukaribisha aliyekushukuru kwa kuja kabla hujaingia. Kitabu cha orodha ya vitu vyake alikitunga mwenyewe, karatasi za kung'ara, na picha yake mwanzoni, katikati na mwishoni, msomaji asije akapotea njia.

Tulikuwa wanne. Mudiri, Maalim, mimi, na bwana mmoja wa benki kutoka Ruwi, mtu mpole aliyezaliwa Tabora, ambako wazee wake walikuwa na duka. Maalim alimheshimu kwa kila kitu isipokuwa Kiswahili chake. Siku ya kwanza tu bwana wa benki alisema, "Naomba mnisaidie kikombe." Maalim akamtazama juu ya miwani. "Kikombe kimepatwa na nini hata kisaidiwe?"

Mudiri alitufungulia kazi kwa hotuba ya Kiarabu, ndefu, akiwa kavaa kilemba. "Dunia haitujui," akasema. Kisha akatuonyesha kwenye kompyuta ile kamusi elezo ya mtandaoni, kitabu kisicho na karatasi, ambacho mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuandika ndani yake, na mtu yeyote mwengine anaruhusiwa kufuta alichoandika mwenziwe. Akatafuta turathi za Matrah. Zikatokea sentensi tatu, na moja kati ya hizo ilisema kwamba mji huu una joto.

"Hilo la joto ni kweli," alisema bwana wa benki.

Tuliudhika kama watu waliotukanwa, tukaapa kuandika. Tukaandika kwa Kiingereza, maana mudiri aliamini dunia ikitaka kujua jambo hulitafuta kwa Kiingereza. Kompyuta zilikuwa mbili, na mtandao ulipita kwenye waya wa simu, kwa hivyo mke wa mudiri akipiga kuuliza mchana atakula nini, turathi zote zilipotea tukaanza upya. Katikati tulikula. Mimi nikileta sambusa, Maalim akileta mkate wa kumimina wa mkewe, makumbusho yakitoa halua na kahawa. Nikipiga hesabu ya haki, kila saa moja ya kuandika ilikuwa na saa mbili za kula na moja ya kunawa mikono.

Tatizo la kwanza likawa mababu. Kila mtu alikubali kwamba turathi ni mali ya wote, halafu akakaa akaandika khabari za babu yake. Maalim aliandika kurasa nne za babu yake kadhi, mcha Mungu, mwenye maktaba, aliyewahi kumkatalia mfalme mwaliko wa chakula. Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akajiegemeza, akamiminiwa kahawa. Hajamaliza kikombe, ukurasa umefutwa. Palibaki mstari mmoja kutoka kwa mhariri mmoja wa kujitolea ambaye hatukuwahi kumwona, aliyekaa, kwa alivyojieleza mwenyewe, katika nchi ya theluji: mtu huyu haonyeshi umashuhuri.

"Nani huyu asiyemjua babu yangu?" Maalim alisimama.

"Maalim, si ndiyo sababu kamfuta," alisema bwana wa benki. "Hamjui."

Mimi nilipewa chumba cha pili, cha juu, nieleze kila kitu kilichomo. Nilikuwa mtarjumi wizarani, kazi niliyoifanya tangu miaka ya tisini, kwa hivyo nilizoea kueleza vitu nisivyovielewa. Nikapita na daftari: jambia, mtungi, sanduku la njumu, bunduki ya zamani. Nikafika kwenye kabati la kioo lililo katikati ya chumba, lenye taa yake peke yake. Ndani mlikuwa na mbuzi.

Nasema mbuzi ya kukunia nazi. Kile kibao cha miguu inayokunjika, chenye ulimi wa chuma na meno kwenye ncha. Pembeni palikuwa na maandishi ya dhahabu: Kiti cha Msafiri Msomi. Chini yake, kwa herufi ndogo, walieleza kwamba wanavyuoni wa zamani walisafiri na viti hivi vinavyokunjika, na kwamba ulimi wa chuma ulishikia kurasa, nayo meno yalizizuia zisipeperushwe na upepo.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kunitazama. Nikateremka kwa mudiri.

"Bwana mudiri, kile kiti cha juu ni mbuzi."

"Mbuzi?" Alielewa mnyama.

Nikamweleza kwa Kiarabu, kwa mikono, nikikuna nazi ya hewani. Alinisikiliza kwa adabu yake ya hoteli, kama mgeni anayelalamikia shuka.

"Kilikuwa cha babu yangu," akasema. "Akisafiri nacho."

"Akisafiri kwenda wapi?"

Hapo alisita kidogo. Ukoo wake ulijulikana mjini kuwa ni watu wa papa hapa, hawakuvuka bahari, na yeye mwenyewe akipenda sana kulisema hilo mbele ya sisi tuliovuka. "Qurayyat," akajibu, mji wa wavuvi wa jirani tu.

Nikamuwazia mwanachuoni anakwenda Qurayyat kununua samaki, na kiti chake cha kusomea mgongoni.

"Bwana mudiri, sisi nyumbani tunayo kama ile ile. Mama anaikalia kila Ijumaa."

"Nyumbani kwenu si marejeo," akasema kwa upole. "Hicho kipo kwenye jalada la kitabu changu. Na kitabu kimeshachapishwa."

Lazima niseme kwamba nilielewa. Huko wizarani, miaka ya tisini, mkubwa wangu mmoja aliniomba nisizungumze Kiswahili kwenye simu, kwa sababu wenzangu wanadhani tunawasengenya. Tulikuwa tunawasengenya kweli, lakini si hoja. Hoja ni kwamba watu wengi mjini walikuwa wamejifunza kuwa na mlango mmoja wa mbele wa Kiarabu na mmoja wa uani wa Kiswahili, na mbuzi ya nazi ni kitu cha uani. Ukiiweka sebuleni lazima uibadilishe jina.

Ila nilikuwa na ukaidi wangu. Alkhamisi iliyofuata nikaandika kwenye kamusi elezo ukweli mtupu: hii ni mbuzi, hutumika kukunia nazi, katika nyumba za mwambao wa Afrika Mashariki na za Waomani waliotoka huko. Mudiri naye, kwenye kompyuta ya pili, mgongo wake ukinielekea mimi, akaandika Kiti cha Msafiri Msomi, akataja kitabu chake na ukurasa wake. Yule mhariri wa theluji akaja. Akanifuta mimi, akamwacha mudiri.

Nikamwandikia. Nikamwambia mama yangu ana miaka sitini na kitu, na tangu ana saba anakunia nazi kitu hicho hicho. Akanijibu kwa heshima kubwa, hata leo sina la kumlaumu: asante sana kwa mchango wako, je, mama yako amewahi kuchapishwa?

Nilirudi nyumbani nikamfikishia mama swali kama lilivyo. Alikuwa anachagua mchele.

"Nimechapwa," akasema. "Chuoni, na maalim, kwa bakora, kwa kuisahau Tabaraka. Hiyo inamtosha au anataka na alama?"

"Mama, anauliza kama umeandikwa kitabuni."

Aliinua uso. "Yaani huyo bwana hajui mbuzi, na huyo mudiri wenu hajui mbuzi, na mie ninayeijua ndiye ninayetakiwa cheti?" Akarudi kwenye mchele wake. Baada ya muda akauliza, bila ya kunitazama, "Hafla yenu ya kufunga hiyo kazi lini?"

Hafla ilikuwa Alkhamisi ya mwisho, asubuhi. Mudiri alialika wakubwa wawili watatu, jirani zake wafanyabiashara wa sokoni, mpiga picha, na mwandishi wa gazeti moja ambaye makala yake ilikuwa imeshatoka kabla ya hafla, akimsifu yule msafiri msomi na kunukuu kamusi elezo neno kwa neno. Kwa kuwa wazee wasingeweza ngazi, vitu bora viliteremshwa uani. Kiti cha Msafiri Msomi kiliwekwa katikati, juu ya meza fupi yenye kitambaa cha bahameli nyekundu. Mstari wa mbele alikaa mama yake mudiri, bibi wa makamo ya mama yangu au zaidi, buibui la hariri, bangili za dhahabu mpaka karibu na viwiko. Nilimjua kwa sura tu. Hakuwahi kupanda chumba cha juu kwa ajili ya magoti, na sikuwahi kumsikia akisema neno lisilokuwa la Kiarabu.

Mama naye alikuja. Nilimwona mkoba wake umemlemea upande, nikadhani dawa.

Hotuba zilisomwa. Sote tulipewa vyeti, na Maalim alikibusu chake kisha akakagua kama jina limeandikwa sawa, halikuwa sawa. Mudiri akakaribisha maswali. Mama akasimama. Alizungumza Kiarabu, cha nyumbani, cha polepole.

"Mwanangu, Mwenyezi Mungu akubariki kwa kazi nzuri. Nauliza tu, huyo msomi alikaa vipi?"

Watu wakatabasamu. Mudiri akafurahi, alipenda maswali ya watu wazima. Akakiteremsha kiti kutoka kwenye bahameli, akakikunjua, akakikalia, lakini kinyume, ulimi wa chuma ukiwa nyuma yake, ili kurasa za mwanachuoni, sijui, zimsome yeye. Kisha akanyoosha mikono mbele kama aliyeshika kitabu. Mpiga picha akapiga. Mudiri alipotaka kuinuka, meno yale, yaliyozuia kurasa za Qurayyat zisipeperuke, yakamshika kanzu. Kanzu nyeupe, ya sikukuu. Tukaisikia ikilia.

Hakuna aliyecheka. Huo ndio ustaarabu wa Maskati na hapo niliuona wazi: watu arubaini wakatazama dari, na uani hakuna dari.

Mama alimwendea kama mama. "Tulia, usivute." Akamnasua taratibu, akamtoa, akageuza mbuzi upande wake, akaikalia kwa ubavu kama wakaavyo wanawake wa kwetu, ulimi mbele. Akafungua mkoba. Akatoa nusu ya nazi, imefungwa kitambaa, na kisahani. Alikuwa ameivunja nyumbani kabla ya kutoka. Akaanza kukuna.

Sauti ile sijui niielezeje kwa asiyeijua. Krr, krr, krr, na unga mweupe unaanguka. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani asiache. Maalim alikuwa kafumba macho. Bwana wa benki alisema polepole, "Kwetu tunaiita hivyo hivyo, mbuzi," na kwa mara ya kwanza Maalim hakumsahihisha.

Na hapo ikatoka sauti mstari wa mbele, ya Kiswahili safi cha Mrima, pwani ya bara.

"Usifike gandani, bibi, tui litakuwa jeusi."

Mama akasimamisha mkono. Mama yake mudiri alikuwa kainama mbele, bangili zake magotini, macho kwenye kisahani.

"Sifiki," mama akamjibu kwa Kiswahili. "Nakuna kwa kuzungusha."

"Ndivyo. Mama yangu Pangani akitupiga kwa kufika gandani." Kisha akamgeukia mwanawe na kuendelea kwa Kiswahili vilevile, kana kwamba kamsemesha hivyo maisha yake yote. "Na hii mbuzi yangu mie. Nimeitafuta tangu tulipohama nyumba. Mkanambia imeliwa na mchwa."

Mudiri alisimama, mkono mmoja nyuma ukiziba kanzu iliyochanika. Jambo lililonishangaza ni kwamba alimjibu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka minne, hakikuwahi kukua. "Mama," akasema, "mimi si nilijua."

Baada ya hapo hafla haikuweza kurudishwa kwenye adabu. Mkubwa mmoja kutoka wizara fulani, ambaye barua zake nilikuwa nikizitarjumi miaka mitano, alimuuliza mama kwa Kiswahili cha Mombasa kama nazi ile ameinunua hapa au imetoka kwao. Mfanyabiashara wa sokoni akakumbuka kwamba bibi yake alizikwa Bagamoyo. Nikapiga hesabu ya waliobaki na Kiarabu peke yake: mpiga picha na mwandishi wa gazeti, na mwandishi wa gazeti nilimshuku.

Wiki iliyofuata mudiri alinikaribisha ofisini, akafunga mlango. Akanambia kwamba alipoitoa ile mbuzi stoo, alikumbuka kidogo kuiona jikoni, utotoni, na mtu ameikalia. Lakini ami yake alimwambia ni kiti cha babu cha kusomea, na yeye akaona ami yake ni mtu mzima na kumbukumbu ya mtoto si marejeo. "Nikaongeza mwenyewe lile la upepo," akasema. "Nilidhani linapendeza."

"Linapendeza," nikamwambia. Na kweli nilimhurumia.

Alibadilisha maandishi ya dhahabu. Kisha akakaa kwenye kompyuta, kwa mkono wake, akaifuta habari ya msafiri msomi kwenye kamusi elezo na kuandika mbuzi. Yule mhariri wa theluji akamrudisha mara moja. Akamwambia kwa heshima kwamba kuna kitabu kilichochapishwa kinachosema ni kiti, na gazeti pia. Mudiri akamjibu kwamba kitabu hicho kakiandika yeye na kakosea, na gazeti limemnukuu yeye. Akajibiwa kwamba mtu haruhusiwi kuandika habari za kazi zake mwenyewe, na kwamba kama anao ushahidi dhidi ya mtungaji huyo, auchapishe. Mudiri alisoma mstari huo mara tatu. Ile "mtungaji huyo" ilimuumiza kuliko kanzu.

Basi akachapisha kitabu upya, toleo la pili, lenye picha yake moja tu, na kwenye ukurasa wa mbuzi wamo bibi wawili wameikalia kwa zamu, na maelezo ya namna ya kukuna yametajwa kuwa ni ya mama yangu na ya mama yake. Kamusi elezo ikakubali. Kundi letu likavunjika mwaka uliofuata, bila ya ugomvi; bwana wa benki alihamishiwa Salala, na Maalim aliamua kuandika kitabu cha babu yake, ili hatimaye apate kitabu cha kumtajia kwenye kamusi elezo.

Kilichobaki ni mama yake mudiri. Alianza kunitumia dereva kila mwisho wa wiki, niende kwake, "tuzungumze." Mwanzo nilidhani anataka khabari za Unguja. Alichotaka ni kuzungumza tu. Marehemu mumewe alimwomba, walipofika huku, asiseme Kiswahili mbele ya watoto, wasije wakachekwa skuli, na yeye akaona ni ombi dogo. Akalitimiza. Alikuwa na maneno mengi, lakini mengine yalikuwa yamemtoroka, na nyumba nzima hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Siku moja nilimkuta amejilaza. Akapiga kofi kwenye godoro, karibu na mto.

"Hapa," akasema, "upande huu wa kitanda, unapoweka kichwa. Pana jina lake. Nalitafuta tangu watoto wadogo."

"Mchago," nikamwambia.

"Mchago," akasema. Akalirudia mara mbili, akiangalia ukuta. Halafu akaniambia nikae hapo hapo mchagoni, niache kusimama kama mgeni.